Majina Kwenye Mashini ya Mama Emmanuella

Mama Emmanuella alikuwa na chumba kimoja karibu na soko la Kasongo, na ndani yake kompyuta moja, mashini ya fotokopi na betri mbili za sola. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu: barua za maombi, vyeti, dosiye, yaani mafaili, za banki. Aliifanya kwa miaka kumi na moja, na watu walimwamini kwa sababu hakuwa na mdomo mrefu.

Mwaka jana alianza kutumia tovuti moja ya bure. Unaipa picha za karatasi za banki, yenyewe inazipanga, inajumlisha hesabu na kukutolea dosiye moja safi ya kutuma. Kazi ya saa tatu ikawa ya nusu saa.

Jumanne moja alifika Amisa, mjane kutoka Wamaza. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya pikipiki, matope yamemfika magotini. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu, na mfuko wa akiba wa walimu ulitaka karatasi zake zote za banki katika dosiye moja kabla ya kumlipa mjane. Emmanuella alizipiga picha, akatuma dosiye, akamrudishia karatasi zake.

"Mama," Amisa akasema kwa sauti ya chini, "jamaa ya bwana yangu isijue hesabu hii. Wakiijua, watoto wangu hawatasoma."

"Hapa hapatoki kitu," Emmanuella akamjibu.

Alhamisi akaingia Djamali, mdogo wa marehemu, amevaa koti na viatu safi.

"Jambo, mama. Bibi ya kaka yangu alipita hapa. Unipe kopi ya dosiye yake."

"Jambo, baba. Ile dosiye iko yake. Akuje mwenyewe."

"Hata kuangalia tu?"

"Hata kuangalia."

Djamali hakugomba. Alitoa kadi yake ya uchaguzi, akaomba fotokopi. Emmanuella akageukia mashini. Aliporudi na karatasi mkononi, alimkuta Djamali ameegemea meza, macho kwenye kompyuta. Ile tovuti ilikuwa bado wazi, na pembeni kulikuwa na orodha ambayo Emmanuella hakuwahi kuijali: majina ya dosiye zote alizotengeneza, na mbele ya kila jina, jumla ya pesa. Jina la Amisa lilikuwa la tatu kutoka juu.

Djamali alilipa fotokopi yake, akashukuru, akaenda zake.

Emmanuella alikaa kitini. Angeweza kunyamaza, nani angejua jamaa wameipata wapi hesabu? Alifunga mlango, akapiga simu Wamaza. Mtandao ulikataa mara nne. Mara ya tano Amisa akaitika.

"Nimekukosea," Emmanuella akasema, akamweleza yote bila kuficha.

"Ameona ngapi?" Amisa akauliza.

"Yote."

"Mama, nilikuambia nini? Nilikuambia nini?"

Amisa alipomaliza kulia, alisema jambo moja: "Basi ukuje huku. Useme mbele yao vile ulivyosema kwangu."

Jumamosi Emmanuella alipanda pikipiki kwa pesa zake. Katika kikao cha jamaa huko Wamaza, Djamali alitaja hesabu mpaka franga ya mwisho, akadai sehemu yake. Emmanuella akasimama, akasoma barua ya mfuko aliyopewa na Amisa: pesa ni za mjane na watoto, hakuna jina lingine. Kisha akasema, "Huyu baba aliisoma hesabu kwenye mashini yangu bila ruhusa. Lakini mimi ndiye niliyeiacha wazi. Kosa ni langu."

Mjomba wa marehemu akamuuliza Djamali kama ni kweli. Djamali akakubali kwa kichwa. Hakupata kitu, lakini nusu ya jamaa waliacha kumsalimu Amisa, na mwezi uliofuata yeye akahamia Kabambare pamoja na watoto.

Emmanuella aliporudi Kasongo alifuta majina mia moja arobaini na matatu, moja moja, maana mtandao ulikuwa mzito. Akawaandikia wenye tovuti kuuliza kama karatasi zimekwisha kabisa. Jibu lilifika baada ya siku tisa: kwenye orodha zimefutika, ila kopi zinabaki kwao siku thelathini. Alilisoma jibu hilo mara mbili. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia watu kwamba hapatoki kitu, kumbe karatasi zao zilikuwa zinatoka kila siku.

Aliacha tovuti ile. Sasa anatumia programu iliyo ndani ya kompyuta yake, isiyohitaji mtandao, na dosiye ikishatumwa anaifuta mbele ya macho ya mwenye karatasi. Kazi imerudi kuwa ya saa mbili na zaidi, na baadhi ya wateja wamehamia kwa jirani mwenye haraka.

Mwezi wa tisa Amisa alikuja na karatasi nyingine za mfuko. Hakukaa kwenye benchi la wateja. Alivuta kiti mpaka kando ya kompyuta, akafuata kila kitu kwa macho.

"Onyesha tena," alisema dosiye ilipofutwa.

Emmanuella akafungua, akamwonyesha mahali palipokuwa na dosiye, sasa patupu. Amisa akalipa, akaomba risiti.