Michikichi Tasa ya Lusangi

Iliasi alikosea tangu mwanzo. Pitchou, mwendesha pikipiki anayepeleka chumvi na sabuni njia ya Kabambare, alimsimamisha karibu na soko la Kasongo akamwambia kwamba watu wa Lusangi wanataka kuukata mchikichi wa mama yake mdogo, Mwamvita, na kumfukuza mwenyewe kijijini. Jambo la kwanza lililomjia Iliasi halikuwa huruma. Aliamini kwamba Mwamvita amedanganya. Tangu afiwe na mumewe, alijiambia, ameshindwa kuwatosheleza wanaotaka miche, akaokota mbegu ovyo porini na kuzichanganya na za mti wake. Iliasi alikuwa mwalimu wa biolojia mwenye shahada, mtu aliyezoea kuwaonya wanafunzi wasikimbilie jibu kabla ya kulipima. Lakini njia nzima, akiwa ameshikilia mgongo wa Pitchou katika tope na makorongo, hakupima kitu. Alitunga tu maneno ya kumwombea msamaha.

Mashtaka yalikuwa haya. Bulaimu, mkulima wa Lusangi, aliacha mashimo ya dhahabu ya Salamabila, akaapa kwamba hatashuka tena chini ya ardhi akiwa hai, akapanda shamba la michikichi kwa miche ya Mwamvita. Alingoja miaka. Michikichi ilipoanza kuzaa, sehemu yake ilitoa ngazi zile alizoahidiwa, matunda yenye nyama nene ya mafuta na ganda jembamba. Sehemu nyingine ilitoa ngazi kama za porini, ganda gumu na mafuta kidogo. Na sehemu ya tatu, ambayo miti yake ilikuwa mirefu na yenye afya kuliko yote, ilichanua vizuri kisha ikaoza vichanga vya matunda yake msimu baada ya msimu, bila kukomaza hata ngazi moja. Katika misimu hiyohiyo Régina, mke wa Bulaimu, aliharibikiwa na mimba mara mbili. Watu waliunganisha mambo hayo mawili. Walisema mjane ameifunga michikichi ya wenzake ili wa kwake ubaki peke yake, na kwamba aliyeweza kufunga mti hashindwi kufunga tumbo.

Huyo mjane hakuwa mwenyeji wa shamba. Alizaliwa Kasongo mjini, karibu na msikiti, katika nyumba ya wauza vitambaa, na alipokubali kumfuata mumewe Yakubu hadi Lusangi ndugu zake walimcheka kwamba anakwenda kuolewa na jembe. Aliwajibu kwamba kitambaa huchakaa lakini mchikichi huzaa. Vijana wa rika la Yakubu walikimbilia dhahabu. Yeye alibaki na michikichi yake michache ya ganda jembamba, na kila mchikichi wa ganda nene uliokuwa karibu na nyumba aliuangusha, kwa imani kwamba mti mwema hupewa majirani wema. Wagema walijipanga kwake kwa furaha kukamua pombe ya ile iliyoangushwa, ingawa yeye, mtu wa swala tano, hakuonja hata tone. Baada ya kifo chake Mwamvita aliendeleza kitalu. Aliosha mbegu, akaziloweka na kubadilisha maji, akazifukia katika gunia la unga wa mbao karibu na jiko, akawa anazigeuza kama kuku na mayai yake. Mbegu zote alizitoa kwenye mti mmoja, ule uliozaa kuliko yote. Hakuna aliyeondoka kwake na mche bila kupewa pia matusi mawili matatu ya mapenzi juu ya namna mtu huyo anavyolima.

Iliasi alimkuta akimwagilia miche kwa kopo lililotobolewa. Mwamvita hakusimama.

“Umekuja kunizika ao kunitetea?” aliuliza.

Iliasi alimsalimu, akaketi, akazunguka na maneno. Hatimaye alisema alichokuja nacho.

“Mama mudogo, uniambie kweli. Uliokota ngazi ya fasi ingine?”

Mwamvita aliweka kopo chini, na katika uso wake Iliasi aliona kwamba swali hilo limemuuma kuliko yote yaliyosemwa kijijini.

“Hata moja. Zote zilitoka ku mugazi ya Yakubu. Kusoma kwako ndiko kulikufundisha kuuliza mama yako vile?”

“Na ile uliyopanda nyuma ya nyumba, ya mbegu ileile, iko inazaa yote?”

“Yote,” alisema, akageukia kopo lake.

Jibu la pili lilikuja haraka kuliko la kwanza. Iliasi aliliona hilo. Kama shambani kwa Mwamvita miti yote inazaa na kwa Bulaimu haizai, basi hata yeye hakuwa na jambo la kumtetea nalo.

Asubuhi watu walikusanyika katika shamba la Bulaimu. Wengi walikuja na mapanga, kama mtu yeyote anavyokwenda na panga shambani, lakini siku hiyo hakuna aliyelichomeka kiunoni. Chefu wa kijiji alikuwa amechoka kabla ya kuanza. Bulaimu alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo lilitisha zaidi ya kelele. Alisema hataki damu. Anataka mti wa mjane uanguke, moto uwake juu ya kitalu, na mama huyo arudi kwao mjini kabla ya giza. Régina alikaa mbali, amejifunika kitenge hadi kidevuni.

Iliasi aliomba jambo moja. Kabla ya kukata chochote, na ikatwe ngazi moja ya kila mchikichi na kupasuliwa, na mti usio na ngazi uwekewe jani. Aliomba hivyo kwa sababu tu alihitaji muda wa kufikiri. Mtu mmoja alisema kwa dhihaka kwamba prof, yaani mwalimu, anataka kuisahihishia michikichi mitihani, na wengine wakacheka. Chefu alikubali.

Marundo yakaanza kukua juu ya mkeka, na Iliasi akaanza kuyahesabu. Rundo la ganda jembamba lilikaribia nusu ya miti ya shamba. Rundo la ganda nene lilikuwa kama robo. Majani ya miti tasa, nayo kama robo. Aliwahi kuchora mgawanyo huo ubaoni kila mwaka, mraba wenye vyumba vinne, akiwasimulia watoto wa Kasongo juu ya mbegu za njegere ambazo wala wao wala yeye hawakuwahi kupanda. Hakufikiri hata siku moja kwamba mraba ule unaweza kuota ardhini, kilomita nyingi kutoka ubao wake. Na bado hakuwa na hakika. Robo inaweza kuwa robo kwa bahati tu.

Alisema hata hivyo. Alieleza kwamba ndani ya kila kiumbe kuna jeni, yaani amri za umbo lake, na kwamba mchikichi una amri mbili juu ya ganda, moja ya mama na moja ya baba aliyeleta chavua. Amri moja husema ganda nene. Nyingine husema pasiwe na ganda. Mti wenye moja ya hii na moja ya ile hutoa ganda jembamba, kama mti wa Yakubu. Lakini mti kama huo ukizaa na mwenziwe aliye kama yeye, watoto hugawana kwa bahati. Nusu hufanana na wazazi. Robo hupata nene mbili. Robo hukosa ganda pande zote, na huenda maua yao ya kike hayawezi kukomaza tunda. Yakubu alipoangusha ya ganda nene akaacha ya ganda jembamba peke yake, aliuzungushia mti wake waume wa namna moja tu.

“Prof,” Bulaimu alisema, “wazazi wazima wawili wazae mutoto wa kuoza? Ule ni muchawi tu anaweza.”

Vicheko vilikuwa vifupi, na mapanga yalisogea. Ndipo Émérance, dada wa Bulaimu mwenyewe, aliposimama na mtoto wake mgongoni. Kijiji kizima kilimjua mtoto huyo: macho ya manjano, mifupa inayouma, safari za kuongezewa damu.

“Miye niko muzima. Bwana yangu iko muzima. Huyu iko SS, ugonjwa ya damu ya kuzaliwa nayo,” alisema. “Ku hospitali walitupima, wakatuambia kila mumoja wetu anabeba nusu. Mbele ya ile, tukiwa hatujapimwa, kaka, tulimufukuza baba-mukwe yangu juu ya uchawi. Alikufia njiani. Unataka turudilie?”

Bulaimu alitazama chini, kisha akainua uso, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo tu. Alisema kama maneno ya prof ni kweli, basi hata nyuma ya nyumba ya mjane mambo yawe hivyohivyo, kwa kuwa mbegu ni ileile. Kama kwake yote inazaa, maneno ni bure.

Iliasi alikuwa amejenga nyumba nzima, na mlango wake ulikuwa mikononi mwa mwanamke aliyekwisha kumwambia kwamba kwake yote inazaa. Hakuthubutu kumtazama.

Mwamvita alivuta ushungi, akatazama mapanga, kisha akamtazama Régina.

“Kwangu pia iko tasa,” alisema. “Nilificha. Mujane akisema migazi yake imeoza, watasema nini? Nikafunga fensi, nikawaambia watoto kule kuna nyoka. Mukuje muone.”

Walikwenda wote. Nyuma ya ua wa matete uliosukwa kwa mkono mmoja walikuta michikichi iliyopandwa kwa mistari, na kati yake, mirefu na ya kijani iliyokolea, ile yenye vichanga vyeusi vilivyooza kwenye makwapa ya majani. Bulaimu alipita kutoka mti hadi mti akigusa kila mmoja. Mtu aliyefunga miti ya wengine kwa wivu hafungi yake. Alirudi, akachomeka panga kiunoni, akamwambia chefu kwamba hana neno.

Régina alimkaribia Iliasi, akauliza polepole, “Prof, na ya tumbo yangu, nayo iko na hesabu?”

Iliasi alisema hajui. Alisema sababu zaweza kuwa nyingi, nyingine zatibika, na kwamba daktari wa Kasongo ndiye wa kuulizwa. Lilikuwa jibu dogo mbele ya macho yale. Mwamvita alimshika mwanamke huyo mkono, wakakaa pamoja kwenye gogo, na waliyoongea hakuna aliyeyasikia.

Chefu aliamua upesi, kama mtu anayetaka kwenda kulala. Mti wa Yakubu ubaki na kitalu kibaki. Lakini miti tasa, ya Bulaimu na ya Mwamvita, ikatwe yote siku hiyohiyo na kuchomwa, ili hofu iondoke nayo, na mjane atoe miche mingine mahali pake. Wote waliafiki. Iliasi aliona uamuzi huo kuwa wa hekima. Kama kulikuwa na thamani yoyote katika mti usiozaa, yeye hakuijua. Alivua shati akakata pamoja nao, na jioni mashina ya mwisho yalikuwa yakitoa moshi mzito kila upande wa njia.

Mwamvita bado anaishi Lusangi. Bado anatukana wanaochimba mashimo ya kina kifupi, na kila anayechukua miche anamwambia wazi kwamba robo itakuwa hasara. Bulaimu alipanda upya.

Miezi mingi baadaye Iliasi alikwenda Kindu kwa mafunzo ya walimu, akamsimulia mtaalamu wa kilimo aliyekaa karibu naye kisa hicho, akitarajia pongezi. Mtaalamu aliweka kikombe chini, akauliza kama kuna hata mti tasa mmoja uliosalia. Kisha alimweleza kwamba watafiti wa Yangambi, huko ambako mto Lualaba umekwisha kubadilisha jina na kuitwa Kongo, waliufumbua mgawanyo uleule tangu kabla ya uhuru. Siku hizi, alisema, mahali pa jeni hiyo pamejulikana, na imeonekana kuwa ni jeni msimamizi, inayoziamuru nyingine zijenge ganda au zisijenge. Kipande cha jani la mche kinatosha kuonyesha mti utakuwa wa aina gani. Na katika mashamba ya mbegu, mti tasa ndio unaolindwa kuliko yote. Chavua yake, ikitiwa katika maua ya mchikichi wa kawaida wenye ganda nene, huzaa watoto wa ganda jembamba watupu, bila mmoja tasa kati yao.