Chai Niliyoikwepa Sokoni

Kasulu, kwenye semina ya wauguzi, tulielezwa mara tatu: ujumbe wa kituo cha afya usitaje ugonjwa. Mtandao wa simu hauruhusu, na mgonjwa hakukupa namba ili umtangaze. Andika tu, "Unakumbushwa kufika kituoni Jumatano," jina la kituo lionekane, basi. Mimi nimekaa nyuma, naona wanatupotezea muda. Sikio la kufa halisikii dawa.

Niliporudi kituoni kwetu Busunzu, Jumatano mbili zikapita wagonjwa wangu wa kifua kikuu hawajatimia. Nikachemka. Mtambo wa kituo wa kutumia ujumbe ungeukataa huu niliotaka kutuma, kwa hiyo nikachukua simu yangu mwenyewe nikaandika: "Njoo uchukue dawa zako za kifua kikuu. Usipomaliza utaambukiza wengine." Nikawatumia wote, hata waliokuwa hawajakosa siku. Nilijiona mchapakazi kweli.

Sasa, simu za huku mchana hushinda kwenye kibanda cha chaji, zimepangwa mezani. Nalijua hilo, hata yangu huipeleka pale. Siku hiyo ilikuwepo ya mama muuza maandazi wa sokoni, ambaye nilikuwa nikinywa chai kwake kila asubuhi. Alikuwa mwezi wa tano wa dawa na makohozi yake nilishayapima, safi. Hakuwa wa kumwambukiza mtu. Simu ikalia, mwenye kibanda akausoma ujumbe kwa sauti. Kufika jioni soko zima linajua.

Mlinzi wetu ndiye aliyeniambia kesho yake asubuhi. Niliona aibu. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno: kwenda kukaa kwenye benchi lake kama kawaida, nile, ninywe, watu waone. Badala yake nikapita njia ya nyuma ya shule. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho nayo nikapita huko huko, na chai nikawa nakunywa ofisini, ya chupa. Muuguzi mzima namkimbia mama wa watu.

Jumatano iliyofuata alikuja kuchukua dawa zake. "Mwakeye, daktari," akanisalimu kwa Kiha, taratibu, kama siku zote. Nikamwambia ule ujumbe niliutuma mimi, nimekosea, anisamehe.

"Ule ujumbe watu waliubishania," akasema. "Haukuwa na jina, wengine wakasema ni matapeli wa simu. Nikawaambia subirini asubuhi, daktari hunywa chai hapa. Mkimwona anakunywa, mtajua mimi ni mzima."

Akazihesabu dawa zake, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Siku tatu nilikuwekea kikombe mezani, watu wanatazama njia. Ya nne nikazima jiko."