Wa Redio na Wa Video

Baba yangu hakuwahi kumwona bingwa wake. Alimsikia tu. Nyumbani kwetu, huku upande wa Magwagwa, kulikuwa na redio moja ya betri, na pambano la uzito wa juu likitangazwa, wanaume wa jirani walijaa sebuleni wakaitolea macho ile redio utadhani bondia atatoka humo. Bingwa wangu mimi nilimwona kwenye banda la video pale sokoni, nimebanwa kwenye benchi na watu wanaopiga kelele. Wa kwake alikuwa ameshastaafu kabla mimi sijajua kuvaa suruali. Hawakukutana ulingoni, na hawangeweza kukutana. Lakini kwetu walipigana miaka nenda miaka rudi, na mshindi hakupatikana.

Tuliwaita Wa Redio na Wa Video. Ubishi wenyewe ulikuwa shambani, kwenye majani chai, yeye na mstari wake, mimi na wangu, vikapu mgongoni.

"Wa Redio angemzungusha huyo ng'ombe wako mpaka asahau mlango wa kutokea," baba alikuwa akisema.

"Mzee, acha zako! Raundi ya pili tu mtu wako angekuwa anamwita mama yake."

Basi alicheka mpaka akaacha kuchuma.

Mtu wa kwingine hataona ajabu hapo. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mzazi na mtoto. Baba humtanii. Mambo ya mwili huyataji mbele yake. Na ukishakuwa mtu mzima, chumba anacholala huingii, hata kama nyumba inaungua utasimama kwanza ufikirie. Kwa Ekegusii nisingeweza kumwambia baba "acha zako". Ulimi ungegoma. Lakini ndondi zilikuja na Kiswahili cha redio, na Kiswahili, sijui ni nani alikipa ruhusa. Kwa Ekegusii alikuwa tata, yaani baba, na tuliongea ng'ombe, mvua na karo ya watoto, basi. Kwa Kiswahili, tena hiki chetu cha "ngumi yake iko mkubwa", alikuwa mzee, na bondia wake nilimtukana nilivyotaka. Mama, Msabato wa kufa na kupona, aliuita upuzi. Jumamosi tulinyamaza mpaka jua litue.

Mwaka jana baba akaanguka kwenye chai. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea wote na maneno yakaenda. Alilazwa Kisii mjini, kisha wakaturudishia. Daktari alituambia tumchokoze, tumsumbue aongee, kwa sababu miezi hii ya kwanza ikipita kimya huenda asiongee tena maishani. Mama akamchokoza kwa nyimbo za kanisani na umbea wa jirani. Baba alikuwa anamtazama tu.

Watu waliniuliza najisikiaje. Sikujisikia chochote! Nilichuma, nikapeleka majani kituoni kupimwa, nikala, nikalala. Nilikuwa nimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na maswali yao yalinichosha. Kitu kimoja nilitaka, baba aongee. Neno lolote, hata la kunifukuza.

"Na wewe ongea naye," mama akaniambia. "Ni baba yako."

"Niongee naye nini?"

"Kwani huwa mnaongea nini?"

Hatukuwa na lingine. Basi jioni, nikitoka kituoni, nilivuta kiti sebuleni nikakiweka karibu na pazia la mlango wa chumba chao. Kuingia sikuingia. Nililielekea lile pazia lenye maua nikaanza kutangaza. "Mabibi na mabwana, kona hii Wa Redio, kona ile Wa Video!" Mtu mzima, mwenye watoto, naliambia pazia habari za masumbwi. Mama alikuwa ndani akimnywesha uji.

Mwanzoni nilimpendelea Wa Redio. Nilimchezesha, nikamfanya mwepesi, kila raundi yake. Kimya. Nikabadilisha. Nikamfanya Wa Video arushe ngumi kengele ikiwa imeshalia. Nikamnunua mwamuzi. Mambo ambayo zamani yangemfanya baba atupe kikapu chini kwa hasira.

"Anafanyaje?" nilimuuliza mama.

"Anaangalia juu kwenye mabati."

Tuliendelea hivyo jioni baada ya jioni, na miezi aliyotupa daktari inakwisha. Mwishowe nikakasirika. Na kusema kweli, hasira ile ilikuwa nafuu, angalau ilikuwa kitu. Nikafanya jambo ambalo katika ubishi wetu wote hakuna aliyewahi kulifanya. Nilimwangusha Wa Redio.

"Ngumi ya kushoto, kidevuni! Wa Redio chini! Mzee, mtu wako yuko chini, haamki!"

Bondia akianguka, mwamuzi humhesabia mpaka kumi. Asiposimama, amekwisha. Nikaanza kumhesabia, polepole, nikimwachia baba nafasi. Moja. Mbili. Tatu. Nikasikiliza kama ataguna, kama kitanda kitalia. Nne. Tano. "Wewe mzee, kwani unamwacha hivi hivi?" Sita. Saba. Nane. Ile tisa niliiburuta weee, mpaka pumzi ikaniishia, nikanyamaza. Sikuwa na mpango wa kwenda mbele. Nilitaka aseme ameinuka. Aseme mwongo wewe. Ningemsimamisha bondia wake papo hapo, nikampa na ushindi juu.

"Kumi," baba akasema.

Sauti ilikuwa nzito, ya upande mmoja wa mdomo, lakini kila mtu angeisikia.

Mama alipiga ukelele. Akatoka mbio, uji umemwagikia leso, akanishika bega. "Amesema! Umesikia? Amesema kumi!" Akapita hadi uani akiita majirani na kumshukuru Mungu. Kwake ilikuwa namba, kama ya kuhesabia ndizi; kwangu ilikuwa kumi ya mwamuzi. Labda ilikuwa namba tu. Daktari alitueleza baadaye kwamba wagonjwa kama hao ukiwaanzishia kuhesabu, hesabu hujimalizia yenyewe mdomoni. Labda.

Nilibaki kwenye kiti. Nilimsikia akipumua upande wa pili wa pazia. Nilikuwa naogopa, hilo nalisema wazi. Nilitaka kuingia nimshike shati, nimwambie hatujamaliza.

"Mzee," nikasema. "Alisimama kwenye tisa. Mwamuzi amekosea."

Nikasogeza kiti mpaka pazia likanigusa magoti.

"Tata," nikasema.

Majirani wakaanza kuingia, mama mbele yao, wote wanacheka kwa furaha. Wakanipa mkono wa pongezi mmoja baada ya mwingine. Niliwashukuru. Nikawaambia ndiyo, ni kweli, ameongea.