Nani Anayeamuru Wapite Katikati

Marva Tiedeman alikuwa msafisha meno katika kliniki ya pale kwetu Harlow Grove, Iowa, na siku za kazi hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Akishaketi katika uwanja wa Chuo cha Ostrander na kujifunika blanketi magotini, alianza kumgombeza Curt Bresnahan, kocha wa mashambulizi, mtu wa kuagiza timu ichezeje, aliyekuwa juu kabisa ndani ya kibanda cha vioo na asingeweza kumsikia hata kidogo. Mimi nilikuwa nakaa safu ya nyuma yake, kwa hiyo nilisikia yote.

Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu. Katika mpira wetu huu wenye umbo la yai, timu hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi kumi. Unaweza kumpa mtu mpira akimbie nao, au mrushaji akautupa mbali kwa mwenzake aliyejitenga. Ostrander walikuwa na mrushaji mwenye mkono wa ajabu, na walimtumia kama mtu anayemiliki trekta na bado analima kwa jembe. Walimpa mkimbiaji mpira, akajitosa katikati kwenye rundo la vijana wazito kama mafahali wa kuuzwa, akapata yadi mbili. Wakarudia, akapata moja. Wakarudia tena. Jaribio la nne waliupiga mpira kwa mguu, wakawarudishia wapinzani. Walifanya hivyo wakiongoza, na walifanya hivyo wakiwa nyuma.

"Curt, rusha!" Marva alikuwa akipiga kelele. "Hilo yai halitavunjika!"

Verlyn, mumewe, fundi wa mashine za kuvunia mahindi, alikuwa akitafuna soseji yake. Aliwahi kuniambia kwamba nyumbani mkewe hajawahi kumkasirikia hivyo hata siku moja, na hakuwa na hakika kama afurahi au aone wivu.

Basi mwezi wa Oktoba, Jumatatu baada ya Ostrander kufungwa vibaya, Bresnahan mwenyewe aliingia kliniki. Daktari wa meno aliyekuwa akimtibu alikuwa amestaafu, naye akahamishiwa pale. Marva alinihadithia mambo haya baadaye sana, mwanamume huyo alipokuwa ameshahama mji. Alisema alipoliona jina alikwenda kwanza kunawa mikono mara mbili. Kisha akamlaza kwenye kiti, akawasha taa, akaanza kumkwangua ukoga.

Alikuta mtu mwenye macho mekundu na meno yaliyolika kwa kusagwa usingizini. Alitaka kunyamaza. Lakini mkono ulivyokuwa ukifanya kazi, mdomo nao ukafunguka. Alimweleza, kwa sauti ileile ya kliniki, kwamba yeye huenda uwanjani kila mchezo, na angependa kuelewa jambo moja. Jaribio la tatu, yadi nane zimebaki, na mnapita katikati. Kwa nini?

Bresnahan hakuweza kujibu, chuma kikiwa mdomoni. Alipewa maji asukutue, akatema kwenye beseni.

"Mama, mimi huagiza warushe," alisema. "Karibu kila mara. Naagiza kutoka kule juu, halafu mzee kule chini uwanjani anabadilisha. Ndiye kocha mkuu. Mimi nifanyeje?"

Marva akabaki ameshika kile chuma. Miaka yote alikuwa amemgombeza mtu asiye na kosa. Alimwomba radhi, ingawa hakumwambia ni kwa lipi, akamaliza kazi yake kwa upole kuliko kawaida.

Mambo ya mgonjwa hayatoki nje ya kliniki. Hiyo ni sheria, na msimu ule wote Marva aliishika. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alikaa kimya kabisa. Ostrander wakapita katikati, wakapita katikati, wakapiga mpira kwa mguu, na uwanja mzima ukaimba kwamba Bresnahan afukuzwe. Mimi niliimba pia. Marva aligeuka akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani ni mgonjwa. Nikamwomba Verlyn ampeleke nyumbani, naye akasema amekuwa hivyo wiki nzima, na usiku humkuta ameketi kitandani akimuuliza kama kocha mkuu ni mtu mbaya. Kocha mkuu alikuwa akisali kanisani kwao. Ndiye aliyesaidia kubeba jeneza la mama yake Marva.

Jumapili, kwenye chakula cha kanisa, kila mtu akiwa na bakuli la supu ya maharage na mkate wa mdalasini, mazungumzo yalikuwa ni Bresnahan tu. Kocha mkuu alikuwa meza ya pili. Alisikia, akaendelea kula, hakumtetea. Marva aliona kijiko kikienda na kurudi, akajaribu kusoma uso wa yule mzee. Aliniambia hakusoma chochote. Ulikuwa uso wa mtu anayekula supu.

Msimu ulipokwisha, Bresnahan akafukuzwa. Kabla ya kuhama alirudi kliniki kuzibwa jego lililopasuka. Daktari alipokwisha kumchoma sindano na kutoka nje kusubiri ganzi ishike, Marva alifunga mlango. Alimwambia kwamba yeye anaujua ukweli juu ya kocha mkuu, kwamba amebeba jambo lile kifuani tangu Oktoba, na kwamba mji mzima umemdhulumu.

Bresnahan alimwangalia kama mtu anayetafuta jina lililomponyoka. Kisha akaanza kucheka, upande mmoja wa mdomo ukiwa umelala.

"Kumbe nilikuambia hivyo?" alisema. "Mama, ulikuwa na kitu chenye ncha mdomoni mwangu, na ulikuwa umekasirika. Ningekuambia chochote."

"Kwa hiyo ulikuwa ni wewe?"

Alifikiri. Marva anaapa kwamba alifikiri kweli.

"Mara nyingine mimi, mara nyingine yeye. Ukishapigiwa kelele sana, kumbukumbu zinachanganyika. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia sauti yangu ikisema wapite katikati, na sijui ilitoka wapi."

Daktari akarudi, na hapo ndipo palipokuwa mwisho wa maneno yao.

Mwaka uliofuata akaja kocha mpya wa mashambulizi, kijana kutoka Texas, ambaye gazetini alikuwa ameahidi mpira utaruka kama ndege. Jaribio la kwanza la msimu walirusha, tukasimama wote, mpira ukadondoka chini. Jaribio la pili wakapita katikati. La tatu, wakapita katikati. Kocha mkuu alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, mdomo umefungwa.

Watu walianza kumzomea yule kijana wa Texas. Marva alisimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa, halafu akakaa bila kutoa sauti. Verlyn akamuuliza ni nani alitaka kumgombeza.

"Sijui," alisema. "Kila nikimchagua mmoja, naona huenda ni yule mwingine."

Verlyn akamsogezea soseji. Marva akaipokea, akaishika bila kuila, akiendelea kutazama pale chini walipokuwa wakijipanga kuupiga mpira kwa mguu.