Kamati ya Ufadhili Ilipopokewa kwa Vigelegele

Haya niliapa nitakwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya mji wetu wa Ibra inayajua, na nusu nyingine imeyapata yakiwa yameshatiwa chumvi, bora muyasikie kwangu niliyeaibika.

Nilikuwa nimemaliza skuli na naomba ufadhili wa kwenda nje kusomea usanifu wa majengo. Bila ya ufadhili ule nisingekwenda popote, maana baba alishasomesha watatu na uso wake ulikuwa unasema hapana kabla hajaulizwa. Alama zangu zilitosha. Kilichonishinda ni ukurasa wa shughuli za ziada, ule wanaotaka ueleze unafanya nini baada ya masomo, umeongoza nani na umemsaidia nani. Mimi baada ya masomo napika keki, nawapa paka wa mtaani mabaki ya samaki, na nasimamia kundi la WhatsApp la ukoo (yaani natangaza nani kajifungua na nani kafariki, na nawatoa wanaoleta matangazo ya dawa za kupunguza unene).

Kaka yangu Nasri, aliyesoma Uingereza na tangu arudi hajaacha kushauri watu, akanambia, "Zuwena, hakuna mtu asiye na shughuli. Kuna mtu asiyejua kuziandika."

Basi tukaandika. Keki zikawa mradi wa vijana wajasiriamali, mkurugenzi mimi, na vijana wenyewe ni mimi na binamu yangu anayelamba bakuli. Paka wakapata kituo cha uokozi. Kundi la ukoo likawa mtandao wa habari unaounganisha mabara mawili. Na kwa kuwa siku moja ufukweni Sur niliokota chupa isiniharibie picha, nikawa mwasisi wa kampeni ya kusafisha pwani. Nilipoisoma ile fomu nilijiheshimu sana.

Wiki chache baadaye nikapigiwa simu: nimepita mchujo, na kamati hutembelea waombaji majumbani kwao ili izungumze na wazee. Mama siku hiyo angekuwa Nizwa kikazi, baba Maskati. Nyumbani angebaki Bibi peke yake, na Bibi hawezi kushikilia uongo hata kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Nikaamua (na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi) nisimweleze kitu.

"Bibi, kesho wanakuja wageni kutoka Maskati, mama mmoja na kijana wake. Tuwapokee vizuri."

Akanitazama. "Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na baba yako?"

"Karidhia, Bibi."

Akajifuta macho kwa kanga. Nikadhani ni ile dawa yake ya macho.

Wageni wakaja. Mkubwa wao alikuwa Bi Raya, mama wa makamo, na nyuma yake karani, Haitham, kijana mkimya mwenye kompyuta mkono mmoja na bakuli la halua mkono wa pili, kwa sababu kwetu huku hata kamati haiendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Bibi alipoiona halua alisema alhamdulillahi kwa sauti ambayo halua peke yake haistahili.

Bi Raya akatoa shikamoo (kumbe wazee wake ni wa Wete), wakaulizana ukoo mpaka wakafika kwa shemeji mmoja wanayemjua wote, ndipo akafungua karatasi zake.

"Bibi, tumekuja kwa ajili ya Zuwena. Tumesoma habari zake, zimetupendeza, lakini tukasema tuwasikilize na wazee."

"Mmefanya la maana, mwanangu. Siku hizi watu wanamalizana kwenye simu."

"Tumeona anaongoza vijana wenzake, wavulana na wasichana, katika biashara."

Bibi akatua kikombe. "Wavulana? Nani kakwambieni? Huyu hamjui mvulana hata mmoja!"

Nikakohoa.

"Na kwamba hwenda Sur na kikundi kusafisha pwani."

"Husuda za watu hizo! Sur kenda mara moja, nami nimekaa naye kiti cha nyuma, katapika njia nzima. Asafishe pwani? Chumba chake tu..." Akasita, akajirekebisha haraka. "Lakini atajifunza."

Haitham alikuwa anachapa kila neno. "Andika, mwanangu," Bibi akamhimiza, amempenda kwa utulivu wake. "Hatoki. Haongozi mtu. Hata kama yumo ndani huwezi kujua."

Kila sifa aliyonipa Bibi ilifuta mstari mmoja wa fomu yangu.

"Na kituo cha wanyama?"

"Paka? Nimeshawafukuza, kwa ajili yenu."

"Bibi, hawa wamekuja..."

"Nyamaza wewe! Siku kama hii msichana hasemi. Kalete chai."

Jikoni nikamkuta shangazi yangu Muna na majirani, kumbe Bibi kawaita, wanaingia kwa mlango wa nyuma na masinia ya sambusa na chetezo kinachofuka udi. Akanong'ona, "Nimemwona akiingia. Mbona bwana harusi mwembamba?"

Kabla sijamshika, Shangazi Muna alishachungulia ukumbini na kupiga kigelegele, majirani wakakipokea, na nyumba ya pili nayo ikajibu. Nikakimbilia ukumbini na sinia la chai mkononi. Haitham alikuwa amesimama, kaikumbatia kompyuta yake.

"Mahari mtazungumza na baba yake," Bibi alikuwa anamwambia. "Mimi nauliza moja tu. Unasali?"

"Nasali, Bibi, lakini mimi nina mke. Kajifungua juzi."

Vigelegele vikakatika. Bibi akamgeukia Bi Raya.

"Mmetoka Maskati, mmefika Bidbid, mkakata njia ya huku, mje kumtia mjukuu wangu ukewenza?" Akaifunika halua, akamrudishia mapajani.

Ikabidi niseme yote pale pale, nimesimama na sinia: fomu, mkurugenzi, chupa ya Sur. Bi Raya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, nami nikapata matumaini. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa Zuwena, katika haya yote, lipi lako kweli?"

"Keki."

"Na mbona hukuandika keki?"

Nikaweka sinia chini, nikaanza kumimina chai.

Barua yao ilikuwa fupi, wamenishukuru na kunitakia kheri. Nilipomsomea Bibi akauliza, "Ni kwa maneno yangu?"

"Ni kwa yangu, Bibi."

Mwaka huu naomba tena, na nimeapa sitaandika jambo ambalo Bibi hawezi kumwambia mgeni bila ya kufundishwa. Ukurasa wangu wa shughuli sasa una mstari mmoja, na chini yake nafasi nyeupe kubwa, na wallahi kila nikiitazama mkono unaniwasha.