Mfuko Chini ya Blanketi

Apolot hakuwa mtu wa kulia hovyo. Miaka kumi na saba amevuka mpaka wa Busia na tenga la nyanya kichwani, na mdomo wake unajulikana pande zote mbili. Ukimchokoza, atakutajia ukoo wako mzima na kasoro zake. Lakini siku hizi mwulize tu habari za mama yake. Hata swali hujalimaliza, machozi yanamtoka.

Mama huyo, Alaso, mjane wa miaka sabini na sita, aliteleza kisimani huko Petta akavunjika nyonga. Hospitalini Tororo walimpasua, na kazi ikaenda vizuri. Kwa kuwa hakuweza kuinuka, walimtia mpira wa kukojolea, mkojo ukawa unashukia kwenye mfuko uliotundikwa chini ya kitanda. Apolot akaacha biashara akahamia wodini, maana huko mgonjwa huoshwa na kulishwa na mtu wake. Daktari aliwaambia wiki mbili tu, mama atarudi nyumbani kwa magongo. Apolot alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Siku ya nne simu ikalia. Mume wake, Chrispinus, alikuwa amevuka kutoka Busia ya Kenya na wazee wawili wa kanisa. Wako getini.

Alaso akashtuka kuliko siku aliyoanguka. Tangu Apolot aolewe, hajawahi kula mbele ya mkwe wake wala kumpa mkono. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Leo mkwe aje akute mkojo wake unaning'inia peupe?

"Apolot, toa hiyo kitu hapo! Chrispinus ataona mkojo yangu. Heri nikufe."

"Mama, wewe ni mgonjwa. Ataelewa."

"Ficha, mwanangu. Nakuomba."

Apolot akaunyanyua mfuko, akaulaza kitandani kando ya paja la mama, akavuta blanketi juu. Chrispinus akasimama mbali, uso kaugeuzia dirishani kama adabu inavyotaka, wazee wakaomba wee mpaka wakatosheka. Alaso akaitikia amina kwa sauti ya mtu mzima wa afya.

Kesho yake wakaja mashemeji, kesho kutwa majirani wa mashemeji. Wageni hawakukatika. Apolot akaona kupandisha na kushusha ni taabu bure, akauacha mfuko humohumo kitandani. Hakuna aliyemwambia neno. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini, amwambie saa ngapi?

Siku ya nane Alaso akaanza kutetemeka. Mwili ukawaka moto, akawa anamwita Apolot kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Muuguzi Teopista akaja, akafunua blanketi, akauona mfuko.

"Nani alipandisha hii mfuko?"

"Ni mimi, sista. Kulikuwa na wageni."

"Mkojo inafaa kushuka. Ukiweka juu, inarudi ndani na uchafu yote. Sasa naogopa imeingia kwa damu." Akapangusa uso. "Na sisi tulifaa kukuambia."

Hakufoka. Apolot, bingwa wa matusi, aliyatamani matusi siku hiyo. Angetukanwa angalau angepumua.

Dawa zikatundikwa, zikaisha, zikatundikwa nyingine. Asubuhi ya siku ya pili ya dawa akili ikamrudia Alaso, akautafuta mkono wa binti yake. Apolot akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ni mimi nili..."

"Mkwe aliona?" mama akamkatiza.

"Hakuona, mama."

"Asante, mwanangu. Umenisitiri."

Mtu akishukuriwa kwa kitu kinachomuua mama yake, anajibu nini? Apolot akasema, "Ndiyo, mama," akaendelea kuushika ule mkono mpaka karibu saa sita mchana, Teopista alipokuja kumwambia kwamba sasa anaweza kuuachia.