Maziwa Kabla ya Mbio

Eddah Wacera huziba pancha pale Langas, kando ya kituo cha bodaboda. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, lori la mahindi kutoka Soy lilimvunja uti wa mgongo. Akakaa miaka mitatu kwenye baraza ya mama yake akipokea wageni. Watu wema sana wale. Walileta sukari, wakasema pole, wakaomba, wakanywa chai yenye sukari ileile, wakaenda zao. Hakuna aliyemwomba afanye jambo lolote. Mwishowe fundi baiskeli aitwaye Bethwel, mtu asiye na adabu, alimtupia tyubu mapajani akasema, "Wewe umekaa tu. Nitafutie pancha."

Aliipata. Kesho yake Eddah akadai tyubu nyingine. Sasa ana wateja wake, na kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli kuukuu, yeye na Bethwel wameunda kiti cha mbio.

Mwaka jana mji wetu wa mabingwa uliamua kuwasherehekea wanariadha walemavu. Palikuwa na mbio moja tu ya viti, mita mia nane, na mshindi pekee ndiye angeenda Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa. Eddah alijifua miezi minane kwa ajili ya mbio hiyo. Ilipangwa saa nne asubuhi.

Saa nne wanariadha wote sita walikuwa jukwaani. Jukwaa lilikuwa na ngazi tisa, kwa hiyo vijana wanne waliwabeba wanariadha mmoja mmoja kama magunia ya viazi, na umati ukapiga makofi. Hotuba zilikuwa saba. Kila mwanariadha akapewa blanketi, kana kwamba ulemavu ni baridi.

Kisha ukaja mursik. Kwetu Wakalenjin, maziwa hayo ya mala hunyweshwa mtu aliyerudi na ushindi, na hutoka kwenye kibuyu ambacho mama amekisugua ndani kwa mkaa. Bwana Kigen, ofisa wa michezo, mjukuu wa watu waliojua hayo yote, aliyaleta katika chupa ya plastiki ya juisi.

"Kunywa kidogo tu, madam. Mpiga picha anaondoka saa sita."

"Sijakimbia," Eddah akasema.

"Ni ya picha tu."

"Bwana Kigen, mimi ni Mkikuyu, na hata mimi najua hiyo ni ya mtu ametoka kushinda. Mbio ni saa ngapi?"

Kigen akachungulia karatasi yake. "Saa zimeenda. Tumeamua nyinyi wote ni washindi."

"Na Nairobi ataenda nani?"

"Kamati itachagua."

"Basi nishusheni."

Hakuna aliyesogea. Akajitoa kitini, akateremka kwa makalio na mikono, ngazi baada ya ngazi, hadi chini viti vya mbio vilikoachwa. Nyuma yake mwanariadha mwenzake, Nekesa wa Turbo, akafuata akicheka, "Ngoja, dada, usinitangulie bure." Na wanariadha wengine wanne pia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi; watu walizoea kushangilia wanaobebwa.

Mpiga filimbi wa kuanzisha mbio alitolewa kwenye sahani ya pilau. Mbio ikaanza saa saba, jua likiwaka. Eddah aliongoza mzunguko wote wa kwanza. Kwenye kona ya mwisho Nekesa akampita, akashinda kwa gurudumu moja.

Eddah alipiga ngumi kitini akatukana kwa Kikuyu. Ilipendeza kumwona. Kigen akamjia na medali.

"Bado wewe ni mshindi."

"Mimi ni wa pili. Mbio nyingine ni lini?"

"Mwaka ujao, mfadhili akipatikana."

Eddah akamgeukia Nekesa, aliyekuwa akinywa mursik wake wa plastiki na kukunja uso. "Ukitoka Nairobi, njoo Langas Jumamosi. Nitakupita."

"Utakula vumbi yangu, dada."

Alikuja. Hadi leo wameshindana Jumamosi tisa, alfajiri, na Eddah ameshinda nne. Ofisi ya michezo haijaarifiwa, la sivyo wangeletewa jukwaa.